Dom Pérignon, mtawa aliyepigana na mapovu



Leo nawaletea mtawa ambaye jina lake linatajwa zaidi kwenye kumbi za starehe kuliko kanisani. Kwenye nyimbo za kizazi kipya yumo. Kwenye picha za sherehe za watu wenye nazo yumo pia, juu ya chupa nyeusi yenye lebo kama ngao. Dom Pérignon. Wengi wanadhani ni jina la kiwanda, au la tajiri fulani wa Ufaransa wa zamani. Kumbe ni Mbenediktini, na hilo Dom ni neno la heshima wanaloitwa watawa hao, kutoka Kilatini dominus. Ndugu zangu wa Songea mnaowajua Wabenediktini wa Peramiho na Hanga, huyu ni wa ukoo huohuo wa kiroho.

Hadithi inayozunguka mitandaoni inaenda hivi: palikuwa na mtawa kipofu, siku moja kwenye ghala la divai akaonja chupa iliyokuwa inatoa mapovu, akashangaa, akawaita wenzake waje mbio kwa sababu alikuwa anakunywa nyota. Na hapo shampeni ikazaliwa. Nimeisikia mpaka kwenye mahubiri. Ni tamu, ina mshangao, inafaa kabisa kuwekwa na picha ya anga la usiku. Ila si kweli. Hakuwa kipofu, hakugundua shampeni, na hayo mapovu alikuwa anapigana nayo. Tumfuate tangu mwanzo, maana maisha yake halisi yananivutia kuliko hizo nyota.

Pierre Pérignon alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1638 katika mji mdogo wa Sainte-Menehould, mashariki mwa jimbo la Champagne. Alibatizwa Januari 1639. Mwaka huohuo wa 1638 alizaliwa mfalme Louis XIV, na mbele mtaona hawa wawili walivyokwenda sambamba bila kufahamiana. Baba yake alikuwa mtumishi wa mahakama, familia ya kawaida yenye nafasi kidogo. Kijana akapelekwa kusoma kwa Wajesuiti huko Châlons, halafu akiwa na miaka kama 19 akaingia utawani katika monasteri ya Saint-Vanne, mjini Verdun. Saint-Vanne haikuwa monasteri ya watu wa kuja kupumzika. Ilikuwa kitovu cha mageuzi ya Wabenediktini wa eneo lile, wanaume walioamua kurudi kwenye Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kama ilivyoandikwa: sala za usiku, kazi za mikono, kusoma, kunyamaza.

Mwaka 1668 akahamishiwa abasia ya Hautvillers, kijiji kilicho mlimani juu ya mto Marne, karibu na mji wa Épernay. Abasia yenyewe ilikuwa ya zamani sana, ilianzishwa na Mtakatifu Nivard, askofu wa Reims, katika karne ya 7, na ilitunza masalia ya Mtakatifu Helena, mama yake mfalme Konstantino. Mahujaji walikuwa wanakuja. Pale Pierre akapewa kazi ya utunza ghala. Alikuwa na miaka 29. Kazi hiyohiyo aliifanya mpaka alipokufa. Hakupandishwa kuwa abati, hakuhamishwa, hakupewa jimbo.

Naomba tukae kidogo hapa kwenye utunza ghala, maana ndipo moyo wa mambo ulipo na watu wanapapita haraka. Mtunza ghala wa monasteri si mtu wa kushika funguo tu. Anasimamia mashamba, chakula, mavazi, malipo, madeni, wageni, wagonjwa, maskini wanaogonga mlango. Benedikto ametenga sura nzima kwa ajili yake, sura ya 31, na humo kuna jambo ambalo lilinisimamisha nilipolisoma mara ya kwanza: mtunza ghala anatakiwa kuviona vyombo vyote vya monasteri, majembe, mapipa, masufuria, kama anavyoviona vyombo vitakatifu vya altare. Yaani ndoo ya kuvunia zabibu na kalisi. Halafu Benedikto anaongeza kwamba kama hana kitu cha kumpa anayeomba, basi ampe walau neno jema. Ukiwa na watu hamsini wanaokudai vitu kila siku, hiyo ya pili nadhani ni ngumu kuliko ya kwanza.

Mali kubwa ya Hautvillers ilikuwa mizabibu. Divai ndiyo iliyolipa kila kitu, paa la kanisa na mkate wa maskini vilevile. Kwa hiyo Pierre Pérignon hakuingia kwenye divai kwa sababu ya mapenzi ya kinywaji. Aliingia kwa sababu divai ikiharibika, watu wanalala njaa. Na Champagne ni mahali pagumu kwa mizabibu. Sisi Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, jua halikosekani. Kule ni kaskazini, karibu na mwisho wa eneo ambalo mzabibu unaweza kuivisha matunda yake. Mavuno ni mara moja, na baridi ya masika ikija vibaya hata hiyo moja inapotea. Zabibu zinabaki na uchachu mkali. Udongo ni chokaa nyeupe. Divai zao za wakati ule zilikuwa nyepesi na hazikudumu, zikikaa kwenye pipa muda mrefu zinapoteza ladha.

Alichofanya kwa miaka hiyo yote kinaweza kuelezwa kwa maneno machache, ila kufanywa ni kitu kingine. Alipogoa mizabibu kwa ukali, ili mti uzae kidogo lakini kilicho bora. Alivuna asubuhi mapema kabla ya joto, na zabibu yoyote iliyopasuka au kuchubuka iliwekwa kando. Alikamua haraka na kwa upole, kwa sababu alipendelea zabibu nyeusi, na rangi ya zabibu nyeusi iko kwenye ganda. Ukikamua taratibu bila kuacha maganda yaloweke, unapata divai nyeupe kutoka kwenye tunda jeusi. Mpaka leo shampeni nyingi hutengenezwa hivyo, na mtu akiinywa hafikirii kabisa kwamba ndani mna zabibu nyeusi.

Lakini kipaji chake hasa kilikuwa kuchanganya. Zabibu za kilima hiki zina uchachu, za kile zina utamu, za bonde lile zina harufu nzuri lakini hazina nguvu. Yeye alizionja zikiwa bado zabibu, kabla hazijakamuliwa, na kuamua zipi zikutane na zipi. Mwanafunzi wake Ndugu Pierre, aliyeandika juu ya kilimo cha mizabibu baada ya mwalimu wake kufa, ameeleza kwamba zabibu ziliachwa dirishani usiku kucha na mzee akazionja asubuhi kabla ya kula chochote. Hapo ndipo watu wa baadaye walipotolea upofu, eti aliweza kutaja shamba bila kuona. Si upofu, ni ulimi uliofundishwa. Aristotle angetuambia hiyo ni tabia iliyojengwa kwa kurudiarudia mpaka ikawa kama asili ya pili, na wala asingehitaji muujiza kuieleza.

Sasa mapovu. Divai hupatikana hamira inapokula sukari ya zabibu na kutoa kilevi pamoja na hewa ya ukaa. Champagne baridi huingia mapema, hivyo hamira inalala kabla haijamaliza kazi. Mtu anadhani divai imetulia. Inakuja masika, ghala linapata joto kidogo, hamira inaamka na kuendelea kula pale ilipoishia. Kama divai iko kwenye pipa, hewa inatoka. Kama iko kwenye chupa iliyozibwa vizuri, hewa inabanwa humo ndani, na ndiyo yanakuwa mapovu. Shida ni kwamba vioo vya Ufaransa vya wakati ule vilikuwa dhaifu. Chupa moja ikipasuka vipande vinapiga ya jirani, na ya jirani inapiga nyingine. Unaingia ghalani asubuhi, divai ya mwaka mzima iko sakafuni. Kwa mtunza ghala mapovu hayo ni hasara, si nyota. Naye alitumia maarifa yake mengi kuyazuia, na kupendelea zabibu nyeusi ilikuwa sehemu ya juhudi hizo, kwani zile nyeupe zilikuwa na tabia zaidi ya kuchachuka upya.

Waliopenda mapovu kwanza, kama mnataka kujua, ni Waingereza. Walikuwa na chupa imara zilizoyeyushwa kwa tanuru za makaa ya mawe, na mwaka 1662 daktari mmoja aitwaye Christopher Merret aliwasomea wanasayansi wenzake London maelezo ya jinsi wafanyabiashara wa divai wanavyoongeza sukari ili ichangamke. Mwaka 1662! Pérignon alikuwa bado hajafika Hautvillers.

Miaka ikaenda. Mizabibu ya abasia iliongezeka karibu mara mbili chini ya mikono yake, na divai ya Hautvillers ikawa inauzwa kwa bei ya juu kuliko za jirani. Ila tusimchore kama mfanyabiashara aliyefanikiwa. Alikuwa mtunza ghala katika njaa kubwa ya 1693 na 1694, iliyoua watu wengi sana Ufaransa. Alikuwa bado mtunza ghala Januari 1709, akiwa na miaka 70, baridi ilipoganda mito na kuua mizabibu na ngano shambani. Fikiria mzee ambaye kwa miaka 40 amepogoa na kupandikiza, anatembea asubuhi anakuta mti umepasuka kwa barafu. Na mlangoni kuna watu.

Mwaka huohuo wa 1709 alifia Hautvillers mgeni mmoja, Dom Thierry Ruinart, naye Mbenediktini, msomi kutoka Paris. Akazikwa palepale. Ruinart alikuwa amechapisha mwaka 1689 kitabu kikubwa cha taarifa za wafiadini wa kwanza, na kazi yake ilikuwa kutenganisha taarifa za kweli na ngano zilizoongezwa baadaye na watu wenye nia njema. Mpwa wake ndiye baadaye alianzisha nyumba ya kwanza ya kibiashara ya shampeni, mwaka 1729. Mimi jambo hili linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja: mtu aliyetumia maisha kuwasafisha wafiadini na chumvi za kubuniwa amelala kwenye kanisa moja na mtunza ghala ambaye angekuja kumwagiwa gunia zima.

Aliyelifungua gunia anajulikana. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa watawa walifukuzwa, abasia ikafungwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1821, mtawa mzee wa Hautvillers aliyebaki, Dom Grossard, aliandika barua akimsifu Pérignon kwamba ndiye aliyegundua siri ya divai yenye mapovu, na mengine juu yake. Simlaumu sana. Nyumba yake ilikuwa imevunjwa, ndugu zake wametawanyika, alitaka ulimwengu ukumbuke kwamba pale palikuwa na watu. Ile sentensi ya nyota ilikuja baadaye zaidi, kwenye tangazo la biashara mwishoni mwa karne ya 19. Ni tangazo, jamani. Na sisi tunaliweka kwenye tafakari za asubuhi.

Mimi naona hapa kuna jambo linalotuhusu sisi tunaoandika na kusambaza mambo ya imani mtandaoni. Tunadhani tukimwongezea mtu wa Mungu miujiza tunamheshimu. Kumbe tunamfuta. Ukimweka kipofu wa nyota mbele, yule aliyeonja zabibu asubuhi akiwa na njaa kwa miaka 47 haonekani tena. Na Mungu ambaye ni Ukweli hahitaji msaada wa tangazo.

Nirudi kwenye chupa yenyewe, ile nyeusi, kwa sababu ina tabia ambayo nadhani inamfanana mzee kuliko hadithi yake. (Kabla hamjaniuliza: sijawahi kuionja, bei yake ni laki kadhaa, na sitangazii mtu pombe. Kama umeamua kutokunywa, baki hapohapo.) Shampeni za kawaida huchanganywa divai za miaka mbalimbali ili ladha ifanane kila mwaka. Lakini mwaka ukiwa mzuri, watengenezaji huamua kutumia zabibu za mavuno ya mwaka huo peke yake, na mwaka huandikwa kwenye lebo. Hiyo ndiyo shampeni ya mwaka mmoja. Chupa ya Dom Pérignon hutengenezwa kwa namna hiyo tu. Mwaka ukiwa mbaya, haitolewi kabisa. Ya kwanza ilikuwa ya mavuno ya 1921, nayo ilianza kuuzwa katika miaka ya 1930.

Divai huwekwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, ikafungwa, ikachachuka mara ya pili humohumo. Presha ndani inafika kama mara mbili au tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Hamira ikimaliza chakula inakufa na kushuka chini kama mashapo. Mtu asiyejua angeiondoa haraka. Wao wanaiacha. Sheria inataka shampeni ya mwaka mmoja ikae angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa, na hii tunayoizungumzia hukaa kama miaka 8, imelala gizani, kwenye mahandaki yaliyochongwa ndani ya chokaa, baridi ya nyuzi kama 10 au 12, kiangazi na majira ya baridi sawasawa. Mwanga unaiharibu. Kelele zote za kufungua chupa hazina uhusiano wowote na kilichoifanya iwe nzuri.

Katika kimya hicho ile hamira iliyokufa ndiyo inafanya kazi. Chembe zake zinameng'enyeka polepole na kuachia ndani ya divai ladha ambazo hazikuwemo kwenye zabibu: harufu ya mkate uliokaushwa motoni, ya korosho na lozi zilizokaangwa. Inameza pia hewa yoyote ndogo inayopenya, hivyo inailinda divai isizeeke vibaya. Uchachu mkali wa kaskazini, ule uliokuwa unakunja uso, ndio unaoiwezesha kudumu. Divai tamu laini isiyo na uchachu isingevumilia. Kadiri miaka inavyokwenda rangi inatoka kwenye manjano hafifu kwenda dhahabu, mapovu yanapungua na kuwa madogo na laini, inakuja harufu ya asali, ya matunda makavu, hata ya uyoga. Halafu kuna siku inapita ukomo wake, inabaki haina mapovu na imechoka. Kila kitu kilichoumbwa kina mwisho wake, hata hiki.

Ila mwisho huo unaweza kuwa mbali. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta meli iliyozama Bahari ya Baltiki, karibu na visiwa vya Åland vya Finland, kina cha mita kama 50. Ndani mlikuwa na chupa 168 za shampeni zilizokaa pale takriban miaka 170, gizani na baridini. Zilipoonjwa, mwanzoni zilitoa harufu mbaya, kama mnyama aliyelowa na jibini. Zikapewa hewa kidogo kwenye glasi. Harufu ile ikaondoka, ikaja ya moshi, ngozi, viungo na maua.

Pérignon mwenyewe hakuona hata moja ya haya. Ujuzi wa kupima sukari ili chupa zisipasuke ulikuja karne ya 19, na ule wa kuyatoa mashapo bila kumwaga divai pia. Alichoacha ni mkono wa kuchagua zabibu na ulimi wa kuzichanganya, na watengenezaji wa leo bado wanakaa mezani kuonja kilima kwa kilima, kama yeye dirishani.

Alikufa Septemba 1715, akiwa na miaka 76. Louis XIV, yule mwenzake wa kuzaliwa, alikuwa amekufa tarehe 1 ya mwezi huohuo, baada ya kutawala miaka 72 na kujenga Versailles. Watawa wa Hautvillers walimzika mtunza ghala wao ndani ya kanisa, sehemu ambayo kwa desturi walizikwa maabati. Hajatangazwa mtakatifu, na sijasikia kwamba kuna mchakato.

Abasia haipo tena, lakini kanisa lipo, ni la parokia, na jiwe la kaburi bado liko mbele ya altare. Maandishi yake ni ya Kilatini na ni mafupi. Yanasema alikuwa mtunza ghala wa monasteri hii kwa miaka 47, kwamba alisimamia mali ya nyumba kwa sifa kubwa, kwamba alijaa fadhila, na zaidi ya yote aliwapenda maskini kama baba. Divai haikutajwa.